Kuchuma Pamba, Kuokota Pamba: Kiingereza cha Maneno Mawili Kinavyotupiga Chenga

Mkulima wa pamba wa Kimali, mkoani Simiyu, hahitaji kufundishwa tofauti ya kuchuma na kuokota. Pamba inayochumwa kwenye kitumba kilichopasuka, ikiwa nyeupe na kavu, ndiyo inayoitwa safi. Iliyodondoka ikashika udongo na majani makavu, au iliyoharibiwa na wadudu ikabadilika rangi, hiyo ni fifi, na bei yake iko chini. Kwa Kiswahili hivyo ni vitenzi viwili visivyohusiana. Kwa Kiingereza kitenzi ni kimoja: "pick cotton" ni kuchuma, "pick up cotton" ni kuiokota chini. Ukikaa kwenye turubai ukatoa fifi katikati ya safi, unafanya "pick out". Ukipita kwenye mistari ukiondoa viwavi kwa mkono, mmoja mmoja, hiyo ni "pick off". Na mkubwa akimwandama mdogo wake kila siku bila kosa, Mwingereza atasema "pick on".

Kitenzi ni kilekile. Kijineno kinachofuata ndicho kinachohamisha maana. Walimu wetu huviita frezo vebu. Hapa nitaviita vitenzi vya maneno mawili, maana ndivyo vilivyo: kitenzi kifupi cha kila siku, kikifuatwa na kijineno kama "up", "out", "off", "on", "down" au "back", na vyote viwili kwa pamoja vinatoa maana ambayo mara nyingi huipati ukivitafsiri kimoja kimoja. Mwanafunzi akikutana navyo hutishika. Mwalimu naye, akiwa na darasa lililojaa na kipindi kifupi, huandika ubaoni orodha ndefu na kuagiza ikaririwe. Orodha inakaririwa, jaribio linapita, na baada ya muda mfupi kilichobaki ni hofu ileile.

Hoja yangu ni kwamba tunaanzia pasipofaa. Tunamfundisha mtoto wa Kisukuma, ambaye Kiswahili amekipata shuleni, kana kwamba hakuna kitu katika lugha zake kinachofanana na vitenzi hivi. Kipo, tena kingi. Lugha zake mbili zinafanya kazi hiyohiyo, ila zinaifanyia sehemu nyingine ya kitenzi. Akioneshwa sehemu hiyo, kazi inayobaki ni ya mazoezi tu.

Kiingereza cha jikoni na Kiingereza cha ofisini

Kiingereza cha kale kilikuwa kikipachika vijineno vingi mbele ya kitenzi, kama viambishi. Karne zilivyopita vikahamia nyuma na kusimama peke yake, na lugha ya watu wa Skandinavia waliolowea Uingereza ikasaidia mabadiliko hayo. Kisha mwaka 1066 Wanormani wakaiteka nchi. Kwa muda mrefu baada ya hapo, wakubwa wa ikulu, mahakama na kanisa walitumia Kifaransa na Kilatini, huku mkulima na mpishi wakiendelea na lugha yao. Ndiyo maana hadi leo Kiingereza kina jozi za vitenzi zenye maana moja na hadhi mbili: "put out" na "extinguish" kwa kuzima moto, "put off" na "postpone" kwa kuahirisha, "find out" na "discover" kwa kugundua, "look into" na "investigate" kwa kuchunguza, "put up with" na "tolerate" kwa kuvumilia. La kwanza katika kila jozi ni la jikoni, sokoni na shambani. La pili ni la barua, sheria na kitabu.

Wenyewe walitambua mapema kwamba jambo hili ni kikwazo kwa mgeni. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, alikiri kwamba vitenzi vinavyobadilishwa maana na kijineno kinachovifuata vinawapa wageni ugumu mkubwa kuliko kitu kingine, akajitahidi kuvikusanya. Jina ambalo walimu hulitumia leo lilienezwa na Logan Pearsall Smith mwaka 1925, naye alisema alipewa na Henry Bradley, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford.

Sasa tazama kilichotokea kwetu. Kiingereza kilikuja Tanganyika na utawala wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kikakaa bomani, mahakamani na darasani. Jikoni hakikufika. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zimekuwa zikifundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo kama masomo mengine. Mtoto akivuka kuingia kidato cha kwanza, Kiingereza kinageuka ghafla kuwa lugha ya karibu kila somo. Ripoti ya watafiti Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilishatoa onyo kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo hayo. Kwa mtoto wa Kimali mzigo unaongezeka, kwa sababu Kiingereza kwake ni lugha ya tatu: Kisukuma cha nyumbani, Kiswahili cha shule, Kiingereza cha kitabu.

Matokeo yake ni kwamba tunajifunza Kiingereza tukianzia juu kwenda chini. Mtoto wa London husema "put out" akiwa bado anatambaa na "extinguish" akiwa sekondari. Mwanafunzi wetu hukutana na "extinguish" kwenye maabara ya kemia, na "put out" huenda asikutane nayo kabisa. Kamusi na ufafanuzi wa mwalimu vinazidi kumsukuma huko, kwa kuwa Kiswahili kina neno moja kwa kila jambo kati ya hayo: zima, ahirisha, gundua, chunguza, vumilia. Neno moja hutafuta neno moja. Kijana anamaliza kidato cha nne akiweza kumwandikia mkurugenzi wa halmashauri barua ya kuomba mkutano uwe "postponed", lakini mgeni akimwambia kwa mdomo "let's put it off", anatazama ukutani kutafuta swichi.

"Mwalimu, 'put' si weka?" mwanafunzi atauliza. "Sasa 'put off' ni weka nini?"

Swali hilo ni zuri kuliko orodha yoyote, na jibu lake liko kwenye Kiswahili chake mwenyewe.

Panda juu, shuka chini

Kila aliyesoma Kiswahili shuleni amewahi kusahihishwa kwa kusema "panda juu", "shuka chini", "ingia ndani" au "toka nje". Mwalimu wa Kiswahili huliita hilo kosa la uziada: ukishapanda umeshakwenda juu, neno la pili la nini? Hoja hiyo ina msingi, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili kimebeba mwelekeo ndani yake. Ingia, toka, panda, shuka, rudi, vuka, pita: ukitaja kitenzi umeshasema mtu anaelekea wapi.

Kiingereza cha mazungumzo hugawa kazi hiyo. Kitenzi kinasema mwendo, kijineno kinasema mwelekeo: "go in", "go out", "go up", "go down", "go back". Mwanaisimu wa Marekani Leonard Talmy ndiye aliyejulikana kwa kuzipanga lugha za dunia kwa kigezo hiki, yaani kama njia ya mwendo inakaa ndani ya kitenzi au pembeni yake. Kwa mpangilio huo Kiswahili kinakaa kundi moja na Kihispania, na Kiingereza kinakaa na Kijerumani.

Kwa hiyo mtoto wetu anapata mafunzo mawili yanayopingana. Kipindi cha pili anaambiwa kijineno cha mwelekeo ni uchafu, akifute. Kipindi cha nne anaambiwa bila kijineno hicho sentensi imekufa. Akikaa katikati huandika "return back" na "enter inside", kisha mahali palipohitaji kijineno anakiacha. Huyo si mzembe. Ni mtu mwenye kanuni ya lugha moja mkononi, na hakuna aliyemwambia kwamba lugha ya pili ina kanuni nyingine.

Mwisho wa kitenzi ndio penye siri

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Kiswahili hubadilisha maana ya kitenzi kwa kubadili mwisho wake. Kisukuma nacho, kwa kuwa ni lugha ya Kibantu, hufanya hivyo hivyo. Mtoto anayenyambua vitenzi tangu alipoanza kusema ana chombo kamili cha kuelewea vijineno vya Kiingereza.

Chukua "enda". Ongeza mnyambuliko upate "endelea". Mtu anayeendelea na kazi yake haendi popote. Amekaa palepale akidumu katika jambo. Sasa chukua "go" uongeze "on". "Go on" ni endelea, na njia ya kuipata maana hiyo ni ileile: kitenzi cha kutembea kimeongezewa kitu kidogo kikawa kitenzi cha kudumu. Chukua "shika" upate "shikilia": "hold" na "hold on to". Chukua "tupa" upate "tupilia mbali": "throw" na "throw away". Chukua "kimbia" upate "kimbilia", uone kwamba herufi mbili tatu za mwishoni zimeleta mahali pa kufikia, kama kijineno cha Kiingereza kinavyofanya.

Kuna vile vinavyogeuza jambo kinyume. Mwenye nguo huvaa na kuvua: "put on", "take off". Mwenye pamba au mtama juani huanika na kuanua, na wingu likitanda anapiga kelele watu waanue: "bring it in!" Ile "-ua" ya kuvua na kuanua inafanya kazi ambayo Kiingereza hukabidhi "off", "in" au "out", kutegemea kitu kinatolewa wapi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni "isha". Mbegu zimekwisha: "the seeds have run out". Sisi tumeishiwa mbegu: "we have run out of seeds". Kiswahili kimeongeza "-iwa" ili hasara imwangukie mtu; Kiingereza kimeongeza "of" kwa kazi hiyohiyo. Mkulima aliyewahi kusubiri pembejeo zilizochelewa anaijua tofauti ya sentensi hizo mbili bila somo la sarufi.

Jambo lingine ambalo tayari tunalo ni tabia ya kitenzi cha kawaida kupoteza maana yake ya asili kinapokaa na neno fulani. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga magoti, na hakuna kitu kilichopigwa. Mla rushwa hatafuni, na aliyekula kiapo hajashiba. Mzungu anayejifunza Kiswahili huhangaika na "piga" kama sisi tunavyohangaika na "get". Mwanafunzi akilalamika kwamba Kiingereza hakina mantiki, mwulize "piga chafya" ina mantiki gani. Atacheka, na hapo mlango umefunguka: kumbe lugha zote hufanya hivi, na kila mmoja hukariri ya kwake bila kujua kwamba anakariri. Ndiyo maana baadhi ya vitenzi vya maneno mawili hutafsirika vizuri zaidi kwa nahau: "give up" ni kukata tamaa, "give in" ni kusalimu amri.

Pikapu na sendofu

Kuna hazina nyingine ambayo shule zetu hazijaigusa. Kiswahili kimeshameza vitenzi vingi vya maneno mawili vikiwa vizima na kuvifanya nomino. Gari linalobeba marobota barabarani ni pikapu. Mzee anayekwenda hospitali kupimwa amekwenda kufanya chekapu. Fundi wa kompyuta anauliza kama umefanya bekapu. Bibi harusi ana mekapu. Mwaka 2020 dunia nzima ilizungumzia lokidauni.

Na kuna sendofu. Hakuna familia Tanzania isiyoijua sherehe hii ya kumuaga binti kabla ya ndoa, yenye kamati, michango, kadi na sare. Neno lenyewe ni "send off", kusindikiza anayeondoka. Vijana haohao wanaochangia sendofu ya dada yao Jumamosi hutazama mpira Jumapili, mchezaji akala kadi nyekundu, na mtangazaji wa Kiingereza akasema "he's been sent off". Binti ameagwa kwa ngoma na vifijo, mchezaji ametolewa kwa aibu, na kitenzi ni kimoja. Wote wameondoshwa pale walipokuwa. "Off" ndiyo inayosema kuondoka huko, na mazingira yanasema kama ni heri au shari. Mwalimu akitumia dakika kumi kwa mfano huu, darasa zima litabaki na "off" ya kuachana kwa maisha yote. Kisha alete nyingine za ukoo huo: "take off", ndege kuondoka au mtu kuvua, "cut off", kukatwa na mawasiliano au barabara mto unapojaa, "wash off", kuondoa dawa ya wadudu mikononi kwa maji na sabuni, "call off", kufuta mkutano uliokwisha kutangazwa. Na hapo "put off" ya yule mwanafunzi inapata jibu: umelichukua jambo lililokuwa leo ukaliweka mbali na leo.

Tatizo la maneno haya tuliyoyameza ni kwamba hatuoni tena kiungo chake. Tunasema "pikapu" kwa mkazo kwenye "ka", kama sauti za Kiswahili zinavyotaka, na "pick" na "up" zimeungana zikapotea. Kazi ya mwalimu ni kulifungua neno: lina vipande viwili, na vipande hivyo vikiwa kitenzi, Mwingereza huweka mkazo kwenye kijineno. Gari ni "pickup", sauti ikipanda mwanzoni. Tendo ni "pick up", sauti ikipanda mwishoni. Mwanafunzi asiyesikia mkazo huo hakisikii kijineno kabisa, na asichokisikia hawezi kukitumia.

Kiwakilishi kinakaa wapi

Sehemu ya sarufi inayoleta makosa mengi ni nafasi ya kitendwa. Kiingereza kinaruhusu "turn off the radio" na pia "turn the radio off". Lakini redio ikigeuka kuwa "it", nafasi inabaki moja: "turn it off". "Turn off it" haisemwi. Wanafunzi huikariri kanuni hii kama amri isiyo na sababu, huisahau, na hupoteza alama.

Wangeiangalia kwa jicho la Kiswahili wasingeisahau. Tunasema "zima redio", nomino ikiwa nje ya kitenzi. Tukishaitaja redio hatusemi "zima hiyo" isipokuwa tunaonesha kwa kidole, tunasema "izime". Nomino inasubiri nje, kiwakilishi kinaingia ndani. Kiingereza hakina mahali ndani ya kitenzi pa kuingizia kitu, lakini kinafanya jambo la karibu na hilo: kiwakilishi kinabanwa kati ya kitenzi na kijineno. Iokote: "pick it up". Zitupe: "throw them away". Irudishe: "give it back". Kila unapoweka kiwakilishi ndani ya kitenzi cha Kiswahili, kumbuka kukiweka katikati kwa Kiingereza.

Kuna kundi moja lisilofuata utaratibu huu, na ni vizuri kulitaja wazi. Katika "look after", yaani kutunza, kijineno hakiachani na kitenzi: "she looks after her grandmother", na bibi akiwa kiwakilishi, "she looks after her". Vivyo hivyo "look for", kutafuta, na "look into", kuchunguza. Dalili inayosaidia mara nyingi ni sikio: katika "turn it off" sauti inapanda kwenye "off", lakini katika "look for her" inapanda kwenye "look". Vile vya maneno matatu navyo kwa kawaida havitenganishwi: "put up with", "look up to" yaani kumheshimu mtu, "look down on" yaani kumdharau.

Vipi vya kuanza navyo

Ukienda stendi za miji yetu utakuta vijitabu vinavyoahidi mamia ya vitenzi hivi kwa mpangilio wa alfabeti. Mpangilio huo unamfaa anayetafuta neno. Anayejifunza unamchosha, kwa sababu kitenzi cha nadra kinapewa uzito sawa na kinachosikika kila saa.

Utafiti unatupa njia fupi. Mwaka 2007 Dee Gardner na Mark Davies walichambua mkusanyo wa matini za Kiingereza cha Uingereza wenye maneno takribani milioni 100. Waligundua kwamba vitenzi 20 tu, vya aina ya "go", "come", "take", "get", "set" na "put", ndivyo vinavyotengeneza zaidi ya nusu ya matumizi yote ya vitenzi vya maneno mawili, na kwamba miunganiko 100 inayotumika zaidi inafunika nayo zaidi ya nusu. Kwa wastani msomaji hukutana na kitenzi cha namna hii mara moja katika kila maneno 150 hivi. Habari mbaya ni kwamba miunganiko hiyo 100 ina maana tano na zaidi kila mmoja kwa wastani. Mwaka 2015 Mélissa Garnier na Norbert Schmitt walipunguza mzigo huo: walitoa orodha ya vitenzi 150 na kuonesha kwamba kwa wastani maana mbili hivi za kila kimoja ndizo zinazotawala matumizi. Juu kabisa ya orodha yao ni "go on", kikifuatiwa na "pick up". Endelea na pikapu. Mtoto wa Simiyu anaingia darasani akiwa na viwili vya kwanza tayari, kama kuna atakayemwambia.

Baada ya hapo vipangwe kwa maisha ya mwanafunzi, alfabeti iwekwe pembeni. Vya darasani: "write down", kuandika usisahau; "hand in", kukusanya daftari kwa mwalimu; "cross out", kukata kwa mstari; "work out", kukokotoa; "look up", kutafuta katika kamusi; "break up", shule kufunga kwa likizo, ambayo haina kilichovunjika; na "drop out", kuacha shule, neno ambalo kila ripoti ya elimu inalo. Vya shambani: "thin out", kupunguzia miche, "pull out", kung'oa mabua ya pamba baada ya mavuno, "dry up", kukauka kabisa kama unavyokauka mto wa msimu. Vya simu: "log in", "top up", "call back", "switch off". Mwanafunzi anayeweza kuvitumia hivi katika sentensi za mambo yake yuko mbele ya aliyekariri mia tano.

Katika kutafuta, kamusi za kwetu zinasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na ya Kiingereza na Kiswahili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) iliyotoka mwaka 1996, huvitaja vitenzi vingi vya aina hii chini ya kitenzi kikuu. Mwanafunzi hukosa "put up with" kwa sababu ametafuta "up", au ameishia maana ya kwanza ya "put" akafunga kitabu. Afundishwe kushuka na safu hadi mwisho.

Kukwepa, na Kiingereza chetu

Wapo watakaouliza: kama "postpone" ipo na inaeleweka, kwa nini tujisumbue? Watafiti Menachem Dagut na Batia Laufer waliona mwaka 1985 kwamba wanafunzi wenye Kiebrania, lugha isiyo na vitenzi vya aina hii, huvikwepa na kuchagua neno moja. Sisi hatuko peke yetu. Na kwa maandishi rasmi, kukwepa huko hakuna ubaya. Barua ya maombi ya kazi inapendeza kwa "postpone". Shida iko kwenye kusikia. Unaweza kuchagua maneno utakayosema, lakini huwezi kumchagulia anayesema nawe. Mfadhili, daktari mgeni, mafunzo ya video ya kutengeneza injini, yote yanazungumza Kiingereza cha jikoni. Kwa hiyo kuelewa kuje kwanza na kwa upana, kutumia kufuate taratibu na kwa vichache.

Pia tusijidharau. Afrika Mashariki ina Kiingereza chake, na wanaisimu kama Josef Schmied, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu Kiingereza barani Afrika, wameshaandika juu yake. Kenya abiria wa matatu hasemi "get off". Anasema "alight", neno ambalo Uingereza limebaki kwenye matangazo ya treni. Tanzania tunasema "pick me at the stand" na "fill the form" tukiacha kijineno, na baina yetu tunaelewana vizuri. Lakini kijana wa bodaboda akimwambia mtalii "I will pick you at eight", mtalii anasikia "nitakuchagua saa mbili". Mwanafunzi ajue namna zote mbili, ajue na ipi inampa alama kwenye mtihani wa Baraza la Mitihani.

Hapo ndipo penye ufunguo wa mabadiliko. Swali la mtihani linapompa mwanafunzi sentensi moja iliyokatwa na kumtaka achague kati ya "up", "off", "on" na "out", linamlipa aliyekariri, na hakuna mwalimu mwenye akili atakayefundisha kingine. Swali likiweka mazungumzo mafupi ya watu wawili, likauliza mkutano umefutwa au umesogezwa, mbegu zimeletwa au zimekwisha, walimu wataanza kufundisha kuelewa. Mwongozo wa mwalimu nao uongezwe ukurasa mmoja wa kulinganisha mnyambuliko wa Kiswahili na vijineno vya Kiingereza. Gharama yake ni karatasi na wino, na maarifa ya kuuandika yapo kwa kila mwalimu anayejua kunyambua kitenzi.